Spika kubwa karibu na ukuta: kisa cha besi iliyozidi na sauti iliyokosa kifua

Sebule ni ya mstatili: urefu mita 5.2, upana mita 3.8, dari mita 2.7. Kuta ni za matofali na lipu, sakafu ni ngumu, katikati pana zulia. Spika ni mbili za kusimama sakafuni, za njia tatu (vipaza tofauti vya besi, sauti za kati na sauti za juu), kila moja ina kimo cha sentimita 115, upana 30 na kina 38. Wufa, yaani kipaza cha besi, ni ya sentimita 25, kitovu chake kiko sentimita 62 juu ya sakafu, na tundu la hewa liko mgongoni mwa sanduku. Zimepangwa kwenye ukuta mfupi, kila moja jirani na pembe yake. Kochi limeegemea ukuta wa upande wa pili, hivyo kichwa cha anayesikiliza kiko kama sentimita 30 kutoka ukutani. Katikati ni njia ya watu wote wa nyumba, kwa hiyo tangu mwanzo ilieleweka kwamba spika haziwezi kuletwa mbele sana.

Mwenye spika alikuwa na malalamiko mawili ambayo ukiyasikia kwa haraka unaona yanapingana. Kwanza, besi imezidi: gitaa la besi likigusa noti moja chumba kizima kinavuma, noti ya jirani yake inapita kama haikupigwa. Pili, sauti za wanaume zimekosa kifua. Msomaji wa habari wa kiume, kwa maneno yake, ni kama anazungumza akiwa ndani ya pipa. Waimbaji wa kike hawakuwa na shida yoyote.

Hilo la mwisho alilitaja kama jambo la pembeni, lakini kwangu ndilo lililofungua kisa. Sauti ya mwanamume mtu mzima katika mazungumzo ya kawaida ina msingi wake kati ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 85 na 180 hivi, ya mwanamke kati ya Hz 165 na 255. Kitu kinachoharibu ya kwanza na kuiacha ya pili salama kimejificha katika eneo jembamba, chini ya Hz 160. Besi nyingi mno kwa ujumla isingefanya hivyo. Ilionekana wazi kwamba hapa kuna mlima mahali na shimo mahali pengine, na kwamba ni vitu viwili tofauti.

Kabla ya hapo alikuwa amejaribu mambo. Mwanzoni aliacha sentimita 30 kati ya mgongo wa sanduku na ukuta, kwa sababu mwongozo wa spika ulisema isipungue hapo. Besi ilipomshinda, akafuata ushauri ambao kila mtu huutoa: zivute mbele. Akazivuta hadi sentimita 60. Mvumo ulipungua kweli, akafurahi kwa muda, kisha akagundua muziki umekosa miguu: ngoma ya kukanyaga imebaki mlio bila kishindo, na noti kadhaa za gitaa la besi zimetoweka. Akaongeza besi kwenye amplifaya. Mvumo ukarudi, noti zilizotoweka hazikurudi. Alikuwa ameanza kuulizia amplifaya yenye nguvu zaidi.

Ushauri wa kuvuta mbele si uongo, ila ni nusu ya ushauri. Kwa chumba cha ukubwa huu, kutoka sentimita 30 hadi 60 ni kuhama kutoka tatizo moja kwenda jingine, na la pili ni baya zaidi kwa sababu halitibiki.

Ukuta unafanya nini hasa

Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde katika hewa ya kawaida ya ndani. Wimbi la Hz 1,000 lina urefu wa sentimita 34. La Hz 100 lina mita 3.4, la Hz 40 lina mita 8.6. Sanduku lenye upana wa sentimita 30 linaweza kuzielekeza mbele sauti za juu, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi kuliko sanduku. Kuanzia kama Hz 380 kushuka chini, mawimbi yanaanza kulizunguka, na kwenye besi kamili spika haina mbele wala nyuma: inamwaga sauti pande zote kwa usawa. Kwa hiyo ukuta ulio mgongoni, ambao kwa twita, kipaza cha sauti za juu, ni kama haupo, kwa wufa ni mshiriki kamili.

Besi inayoelekea nyuma hugonga ukuta, ikarudi, ikaipita spika na kumfikia msikilizaji ikiwa imechelewa. Imesafiri umbali wa ziada mara mbili ya ule ulio kati ya wufa na ukuta. Kwa mawimbi marefu sana ucheleweshaji huo si kitu. Sauti mbili zinajumlishana, na ukuta mmoja mgumu unaweza kuongeza hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sakafu nayo inaongeza, ukuta wa pembeni nao unaongeza. Ndiyo maana spika iliyo kwenye pembe ya chumba hunguruma. Lakini ukipanda masafa, yaani idadi ya Hz, unafika mahali ambapo umbali ule wa ziada ni sawa na nusu ya wimbi. Hapo wimbi linalorudi linapanda wakati la moja kwa moja linashuka, na yanafutana. Masafa ya shimo hilo unayapata kwa kugawa 343 kwa mara nne ya umbali, kwa mita.

Umbali huo haupimwi kutoka mgongo wa sanduku. Unapimwa kutoka uso wa wufa. Hili ndilo watu wengi hulikosea, na kwa spika kubwa kosa lake ni kubwa, kwa kuwa sanduku lenyewe linakula sentimita 38 kabla hujaanza kuhesabu nafasi. Mtu anayesema “nimeziacha sentimita 30” ana wufa iliyo sentimita 68 kutoka ukutani.

Gawa 343 kwa 2.72: Hz 126. Katikati kabisa ya sauti ya mwanamume.

Alipozivuta hadi sentimita 60, wufa ikawa sentimita 98 kutoka ukutani, na shimo likashuka hadi karibu Hz 87.5. Fa ya gitaa la besi, ile ya oktava moja juu ya Fa yake ya chini kabisa, iko Hz 87.3. Noti “iliyotoweka” haikuwa imetoweka kwenye spika wala kwenye amplifaya. Ilitoka nzima ikafutwa na ukuta njiani. Na kuongeza besi kwenye amplifaya hakusaidii, kwa sababu ukiongeza sauti ya moja kwa moja unaongeza na ile inayorudi kuifuta, kwa kiwango kile kile. Desibeli 10 za kujaribu kuziba shimo zinadai nguvu mara 10 kutoka kwa amplifaya, wufa inasukumwa hadi ukingoni, na shimo linabaki pale pale. Amplifaya kubwa zaidi isingebadilisha lolote.

Kwenye nafasi ya kwanza kulikuwa na jambo la ziada. Ukuta wa pembeni ulikuwa sentimita 66 kutoka kwenye wufa, sakafu sentimita 62, ukuta wa nyuma 68. Namba tatu karibu sawa. Roy Allison, mhandisi wa Marekani, alilichambua hili katika makala aliyoichapisha mwaka 1974 kwenye jarida la chama cha wahandisi wa sauti: wufa ikiwa na umbali unaolingana kutoka nyuso tatu, upungufu wa nguvu ya sauti inayoingia chumbani unarundikana mahali pamoja na kuwa mkubwa kuliko wa uso mmoja. Umbali ukitofautiana, upungufu unasambaa na sikio halisumbuki nao sana. Kwa sakafu na ukuta wa pembeni kanuni ya kugawa kwa nne haielezi kwa usahihi anachosikia msikilizaji aliye kwenye kochi, maana sauti huakisiwa kwa mshazari na umbali wa ziada ni mdogo zaidi. Lakini kwa nguvu ya jumla inayoingia chumbani, kulingana kwa namba zile tatu kulikuwa na madhara. Na lilikuwa tukio la bahati mbaya tu: mtu akiweka spika kwenye pembe ya chumba kwa macho, huelekea kusawazisha nafasi ya nyuma na ya ubavuni bila kufikiri.

Kuthibitisha kabla ya kusogeza chochote

Hesabu ni hesabu. Chumba halisi kina mashimo mengi yenye sababu nyingi. Spika zikiwa kwenye nafasi yake ya kwanza, sentimita 30, kipimo kilifanywa kwa maikrofoni ya vipimo iliyowekwa mahali pa kichwa, na sauti inayopanda taratibu kutoka Hz 20, spika moja baada ya nyingine. Mchoro ulionyesha bonde pana karibu na Hz 125 na kilele kirefu karibu na Hz 65.

Je, bonde ni la ukuta wa mgongoni? Njia ya kujua ni rahisi na haihitaji ujuzi mkubwa: sogeza spika sentimita 10 mbele, pima tena. Bonde la ukuta wa nyuma lazima lihame, kutoka Hz 126 kwenda Hz 110. Likihama, mtuhumiwa amepatikana. Likibaki mahali pake, linatokana na chumba au na mahali unapokaa, na kusogeza spika hakutalifuta. Hapa lilihama. Kilele cha Hz 65 kilipungua kidogo lakini hakikuhama, na hilo nalo lilikuwa jibu.

Kilele hicho ni cha chumba chenyewe. Chumba cha mita 5.2 kina wimbi tuli la urefu (linalojirudia kati ya kuta mbili likabaki limesimama) kwenye Hz 33, na la pili yake kwenye Hz 66. Dari ya mita 2.7 ina la kwake kwenye Hz 63.5. Mawili haya yamekaa ubavu kwa ubavu, na Do ya gitaa la besi iko Hz 65.4, katikati yake. Ndiyo noti iliyokuwa ikivumisha nyumba. Mawimbi tuli yana nguvu kubwa kabisa kwenye kuta, kwa hiyo wufa iliyo karibu na ukuta huyaamsha kwa urahisi, na msikilizaji aliyeegemea ukuta huyasikia kwa ukamilifu. Alipozivuta spika mbele, wimbi la Hz 66 lilipungua kiasi cha desibeli 5, kwa sababu wufa ilisogelea robo ya chumba, mita 1.3, ambako wimbi hilo halishikiki kabisa. Hivyo ushauri wa kuvuta mbele ulifanya kazi yake. Ila bei yake ilikuwa lile shimo la Hz 87.

Ungefika wapi ili usilipe? Mita 2 na zaidi kutoka ukutani shimo linashuka hadi Hz 43 na chini ya hapo, eneo ambalo muziki mwingi haulitegemei sana. Katika chumba cha mita 5.2 hiyo ni kuweka spika katikati ya sebule. Wapo wanaofanya hivyo. Hapa haikuwezekana, na sidhani ni jambo la kumlaumu mtu.

Uamuzi: kurudi ukutani

Ukishajua kwamba mbali haiwezekani na katikati ni pabaya, kinachobaki ni karibu kabisa. Kadiri wufa inavyosogelea ukuta, shimo linapanda: sentimita 5 nyuma ya sanduku hili huliweka Hz 199, sentimita 12 huliweka Hz 171. Faida haipo kwenye kupanda tu. Kwenye Hz 87 robo ya wimbi ni karibu mita nzima, na hakuna paneli ya kawaida itakayolishika. Povu jembamba la sentimita 5 ukutani ni pambo kwa masafa hayo. Kwenye Hz 171 paneli ya sufu ya mawe yenye unene wa sentimita 10 inaanza kufyonza sehemu ya maana, ikapunguza kinachorudi, na shimo likawa la kina kidogo. Kuhusu besi inayoongezeka, hiyo ni ziada, na ziada inapunguzika kwa ekwalaiza, kifaa cha kupunguza au kuongeza masafa uliyoyachagua. Amplifaya inapata nafuu, wufa inacheza kidogo, ukuta unafanya kazi iliyobaki bure. Studio nyingi za kurekodi zinapeleka wazo hili mwisho wake: spika kubwa zinazamishwa ndani ya ukuta hadi nyuso zake zikawa sawa na uso wa ukuta, na mwangwi wa nyuma unakosa njia ya kuzaliwa. Paul Klipsch aliijenga spika yake ya kuwekwa kwenye pembe ya chumba, iliyoanza kuuzwa mwaka 1946, kwa kuzifanya kuta za pembe ya chumba ziwe mwendelezo wa honi ya besi. Ukuta si adui wa spika kubwa, mradi umehesabiwa.

Pingamizi la kwanza lilikuwa tundu la hewa. Likiwa mgongoni, linahitaji nafasi isiyopungua kipenyo chake, la sivyo hewa inabanwa na mlio unabadilika. Hapa matundu yote mawili yalizibwa kwa vizibo vya povu. Spika iliyozibwa huanza kushuka mapema zaidi kwenye besi, lakini hushuka taratibu, desibeli 12 kwa oktava (kila masafa yanapopungua nusu) badala ya 24, na mteremko huo mpole ndio unaofaa kwa spika ambayo ukuta unaiongezea. Kwa chumba kikubwa au spika zilizo mbali na ukuta nisingeziba. Kwa hiki sikuona sababu ya kuacha wazi, na kizibo kina uzuri mmoja: kinatoka kwa sekunde.

Nafasi ya mwisho ya nyuma ilikuwa sentimita 12: paneli ya sentimita 10, upana 60 na kimo 120, nyuma ya kila sanduku, na pumzi kidogo ya nyaya. Wufa ikawa sentimita 50 kutoka ukutani.

Ubavuni kulikuwa na mvutano wa kweli. Robo ya upana wa chumba ni sentimita 95, na wufa mbili zikikaa kwenye robo hizo, wimbi tuli la pili la upana, lile la Hz 90, haziliamshi. La kwanza la Hz 45 hufutana lenyewe pale spika mbili zinapopiga besi moja kwa pamoja. Kwa besi hapo ndipo pazuri. Lakini spika zinabaki mita 1.9 tu kati yake, na msikilizaji yuko zaidi ya mita 4 mbali, kwa hiyo jukwaa la sauti, yaani upana ambao wanamuziki husikika wamesimama, linasinyaa. Mwenye spika alilisikia mara moja na hakulipenda. Tukaishia sentimita 80, spika mita 2.2 kati yake. Wimbi la Hz 90 bado linaamshwa kwa udogo tu, na umbali tatu sasa ni 50, 62 na 80, tofauti za kutosha.

Kulikuwa na kishawishi cha kuvuta kochi. Kichwa kikitoka sentimita 30 hadi 70 mbele ya ukuta, wimbi la Hz 66 linapungua kama desibeli 3 bila kugusa kifaa chochote. Lakini kanuni ya shimo inahusu pia ukuta ulio nyuma ya msikilizaji. Sentimita 70 nyuma ya kichwa ni Hz 122, yaani tungerudisha kwa mlango wa nyuma shimo lile lile la sauti ya kiume tulilohangaika kulihamisha. Kwa sentimita 30 shimo liko Hz 286, ambako paneli nene nyuma ya kochi inaliweza. Kochi likabaki.

Kupunguza ziada

Ekwalaiza ilipewa kazi mbili tu. Kichujio chembamba kwenye Hz 65 kilishushwa desibeli 7. Kwa kuwa kilele cha wimbi tuli ni sauti inayokawia kufa, kukishusha kwa kichujio kinachoendana nacho kunapunguza na ule mkia wa mvumo. Kingine ni mteremko mpana kuanzia kama Hz 200 kushuka, desibeli 3.5, kurekebisha kile ambacho ukuta umeongeza kwa spika ambayo waundaji wake waliipangia kusimama peke yake. Mashimo yaliyobaki kwenye mchoro hayakuguswa. Mtu anayeanza na ekwalaiza hutamani kuunyoosha mstari wote, na programu nyingi zinazojirekebisha zenyewe humtii; hapo ndipo wufa zinapoungua kwa kujaza mashimo yasiyojazika.

Kipimo cha mwisho kilionyesha kilele cha Hz 65 kimelingana na majirani zake, na bonde la Hz 126 halipo. Lililo karibu na Hz 170 lipo ila ni dogo na sauti ya kiume imepata kifua. Ngoma ya kukanyaga imerudi na kishindo chake.

Kilichopotea ni kina. Spika zilizo mbali na ukuta huwapanga waimbaji mbele na nyuma kwa namna ambayo spika za ukutani haziifikii, na mwenye spika, aliyekuwa amezisikia zikiwa sentimita 60 mbele, anakiri kwamba kwa rekodi chache za kwaya anakikosa. Kuzigeuza kidogo kuelekea kwenye kochi kulisaidia uwazi wa mwimbaji wa katikati, si kina. Runinga iliyo kati yake ilisukumwa nyuma hadi nyuso za spika zikawa mbele ya kioo chake, na hilo lilisaidia zaidi ya nilivyotarajia.

Limebaki suala la usiku, anaposikiliza kwa sauti ya chini na sikio linapoteza besi kuliko masafa mengine. Kwa wakati huo ule mteremko wa desibeli 3.5 unaondolewa na kichujio cha Hz 65 kinaachwa kikifanya kazi. Ekwalaiza yake inahifadhi mipangilio miwili, kwa hiyo ni kitufe kimoja.